Barua Iliyopita Kisima Chekundu

Barua ya mwenye kituo humpita mkononi.

Mmeisikia leo asubuhi kwa Mama Sadia, yule anayeuza maji kwa mkokoteni wa punda. Amezunguka mtaa mzima tangu alfajiri, amejaza mapipa ya watu, na alipofika kwake mwanawe akamwomba maji ya kunawa uso. Mama Sadia akainamisha dumu la kwanza, la pili, la tatu, hakuna hata tone. Akasema maneno hayo, akaketi juu ya mkokoteni kama mtu aliyeketishwa. Nyinyi mkacheka. Kisha mkaja kuniuliza, kituo gani hicho, na barua gani? Kuuliza mmefanya vyema. Kucheka ndiko mlikocheka mapema.

Methali hii ilianza hivi.

Kabla lori la kwanza halijapita katika nyika ya kaskazini, barua za serikali zilikwenda kwa farasi. Kutoka mji wa kusini, penye ofisi kubwa, mpaka boma la mpakani, palikuwa na vituo saba, kila kimoja mwendo wa siku nzima kutoka kwa mwenzake. Mpanda farasi alifika na mnyama aliyechoka, akapewa aliyepumzika, akaendelea. Kituo cha nne, cha katikati, ambacho hakikuwa karibu na kusini wala karibu na kaskazini, kiliitwa Kisima Chekundu.

Hapo palikuwa na kisima kimoja, zizi la mawe, nyumba ya udongo ya chumba kimoja, na jua. Jua la huko halikuwa hili lenu la kuanikia nguo. Ilipofika saa sita, kivuli cha mtu kilikataa kumfuata nje, kikabaki nyumbani kumngoja. Kuku walitaga mayai yaliyokwisha kuiva, mtu akayamenya tu na kutia chumvi. Anayebisha na aende akaulize kuku.

Mwenye kituo alikuwa Galma Wario, mtu mrefu, mkimya, mwenye kuamini kanuni kama wengine wanavyoamini hirizi. Aliishi hapo na mkewe, Dabo, na farasi watatu. Shaba alikuwa mwekundu na mwepesi kuliko wote. Harusi alikuwa jike mwororo, aliyetembea kana kwamba amevaa maleba na anaogopa kuyachafua. Wa tatu aliitwa Kadhi, kwa kuwa ukisema neno lolote mbele yake alitikisa kichwa taratibu, lakini hukumu hatoi. Binti yao wa pekee, Talaso, alikuwa ameolewa vilimani, kwenye visima visivyokauka. Kwa farasi ni siku mbili. Kwa miguu ni siku tano, nayo iwe miguu ya mtu mwenye nguvu.

Kazi ya Galma ilikuwa hii. Mwezi ukiandama, Rehani, mpanda farasi wa njia ile, alikuja kutoka kusini na mkoba wa barua, akielekea kaskazini. Mwezi ukiwa mpevu alirudi na mkoba wa kaskazini, akielekea kusini. Farasi wake alivaa kengele shingoni. Galma akiisikia kengele kwa mbali alitandika farasi mpya, ili Rehani akifika asingoje. Na hapo ndipo palipokuwa na kanuni kubwa kuliko zote: mkoba usiguse ardhi. Rehani aliutoa begani, Galma akaupokea kwa mikono miwili, akasimama nao kifuani kama aliyepewa mtoto mchanga, mpaka tandiko lishikwe, hatamu zikazwe, na Rehani apande. Kisha anampa. Mkoba ukigusa mchanga, mwenye kituo ameupoteza, hata kama uko pale pale miguuni pake.

Mdomo wa mkoba ulifungwa kwa kamba, na juu ya fundo ikamiminwa lakiri nyekundu yenye muhuri wa serikali. Ofisi ya kusini iliufunga, boma la kaskazini likaufungua. Kati yao hapakuwa na mkono wenye ruhusa ya kuvunja lakiri ile. Barua za watu wa vituoni zilikuwa na mahali pake, mfuko mdogo wa ngozi ambao Rehani aliufunga kiunoni, ukiitwa mfuko wa njiani.

Galma alikuwa amefanya kazi hiyo miaka kumi na moja. Hakuna mkoba uliogusa mchanga, hakuna lakiri iliyopata hata ufa. Serikali ilimpa kibati cha shaba cha kubandika kifuani, naye alikisugua kwa jivu kila asubuhi kabla hajanawa uso. Dabo alizoea kumwambia, "Ukifa nitakizika hicho, wewe nikuache." Naye Galma alicheka kwa pua, kwa kuwa kinywa chake hakikuwa na desturi hiyo.

Basi mwaka mmoja mvua ya vuli haikuja. Ya masika nayo ikaona mwenzake hakusutwa, ikakaa huko huko. Kisima kikaanza kushuka. Mwanzoni kamba iliongezwa pima moja, kisha mbili, kisha Galma akavunja kamba za kitanda akaziunganisha, wakalala chini. Wapo wanaosema ilifika siku ukitupa jiwe kisimani asubuhi unasikia mlio wake baada ya chakula cha mchana. Hilo sikulipima. Ninalojua ni kwamba maji yaliyotoka yalikuwa na rangi ya matofali, na ndoo iliyokuwa ikitoka mara ishirini kwa siku ikawa inatoka mara sita.

Kanuni ilisema farasi wa barua hunywa kwanza. Farasi wakanywa kwanza.

Mwezi ukiwa mpevu Rehani alipopita kuelekea kusini, Galma alimwomba amwandikie barua kwa mkubwa wa barua wa huko. Rehani alikuwa mtu wa pwani, mfupi, mwenye maneno mengi kuliko barua alizobeba. Alijua kusoma na kuandika, naye alimpenda Galma kwa namna ya mtu anayeupenda mlango wake, kila siku uko pale pale. Akaandika anayoambiwa: kisima kinakufa, mwenye kituo anaomba ruhusa ya kuhamia vilimani na farasi na mkewe mpaka mvua inyeshe.

"Nimalizie vipi?" aliuliza Rehani. "Mtumishi wako mtiifu?"

"Andika hivyo."

"Niongeze aliyekauka?"

"Andika kama nilivyosema," akasema Galma.

Mtaniuliza, kwa nini asitandike tu farasi akaenda zake? Mwenye kituo aliyemtangulia alifanya hivyo. Alichukua farasi wa serikali kwenda kumzika baba yake, akarudi siku ya nne na farasi mzima, amenenepa hata. Walimfunga miaka miwili, na hakuimaliza. Galma ndiye aliyeletwa kushika mahali pake, na kitu cha kwanza alichokikuta kituoni ni viatu vya mtu yule, vimepangwa mlangoni kama vinavyongoja.

Mwezi ukaandama. Rehani akaja, Galma akatazama kiuno chake kabla ya kutazama uso. Mfuko wa njiani ulikuwa mtupu. Ukaandama wa pili, mfuko ukawa mtupu. Ndoo zikawa tatu kwa siku. Dabo akaanza kupungua. Mikono yake, iliyokuwa ikivuta ndoo bila kuhema, ikawa inatetemeka ikishika kikombe. Kuku walikwisha kuliwa, na hakuna aliyetania tena habari za mayai.

Siku ya mwandamo wa tatu, kengele ilisikika baada ya alasiri. Galma alisimama uwanjani akafikiri nani amtandike. Akamtandika Shaba, kwa sababu Shaba ndiye mwepesi kuliko wote, na mkoba wa serikali ulistahili wa kwanza.

Rehani alifika juu ya farasi wa kusini aliyekuwa ngozi na mifupa. Mdomo ulikuwa umempasuka, lakini ulimi mzima.

"Bwana kituo, bado upo? Nilidhani nitamkuta huyo farasi amevaa kibati chako."

"Lete mkoba," akasema Galma, akaupokea kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa kiunoni kwa mwenzake.

Rehani aliufungua mfuko wa njiani, akaugeuza nje ndani. Ukadondosha mchanga kidogo.

"Hakuna, kaka. Nimeuliza mwenyewe. Karani wa zamani amehamishwa, wamemleta mwingine, kijana amevaa soksi mpaka magotini. Namwambia kuna barua za vituoni, ananitazama kama namwomba posa ya dada yake. Huyo hajui kwamba njiani kuna watu. Kila karatasi anayoiona anaitumbukiza mkobani, anapiga lakiri, anakwenda kunywa chai." Akalikaza tandiko la Shaba huku akicheka peke yake. "Hata barua yako labda imo humo humo, inakusikiliza."

Dabo alikuwa ameketi kizingitini. Alisimama. Ilimchukua muda, akaja akishika ukuta, kisha akauacha ukuta.

"Rudia, shemeji."

"Nirudie nini?"

"Karani anatia kila kitu mkobani."

Rehani akaacha kukaza kigwe. "Nilikuwa natania, shemeji. Mimi kinywa changu unakijua."

"Karani je, naye ulimtania?"

"La. Karani ni kweli."

Dabo akamgeukia mumewe, aliyekuwa amesimama na mkoba kifuani. "Baba Talaso, fungua."

Galma aliitazama lakiri. Ilikuwa nyekundu, laini, haina ufa, na jua lilikuwa likiing'arisha.

"Fungua," alisema Dabo tena, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Miezi mitatu barua haiji. Karani haijui njia. Yote anayaweka humo. Barua yako iko wapi, kama si humo?"

"Mkoba unafunguliwa kaskazini."

"Kaskazini kuna kisima?"

"Dabo."

"Nakuuliza. Huko wanakoufungulia, kuna anayekufa kiu?"

Rehani alikohoa. "Tunaweza kuipasha lakiri moto," alisema kwa sauti ya chini. "Nimeona watu wakifanya hivyo. Kisu cha moto chini ya lakiri, inabanduka nzima, unaibandika tena. Mimi sitasema."

"Na Mungu naye hatasema?" Galma akauliza.

"Mungu hafanyi kazi posta, kaka."

Hapo Dabo alicheka. Ndicho kicheko cha mwisho alichokitoa, na Galma alikikumbuka maisha yake yote, kwa sababu kilikuwa kikavu kama jani na bado kilikuwa chake.

Galma aliupima mkoba mikononi. Nafsi yake ilimwambia mambo mawili kwa pamoja. La kwanza lilisema, imo. La pili likasema, kama haimo, wewe ni mtu aliyevunja lakiri ya serikali kwa sababu ya mzaha wa Rehani, miaka kumi na moja imekwisha, na viatu vyako vitapangwa mlangoni. Akayasikiliza yote mawili, muda kiasi cha kuhesabu mpaka mia. Shaba akapiga kwato. Kamba ikiwa imekazwa, tandiko tayari, hapakuwa na sababu ya kungoja tena, na Galma hakuwa mtu wa kungoja bila sababu.

"Kama imo," alisema, "itarudi mwezi ukiwa mpevu. Huko watasoma jina, watamtilia Rehani katika mfuko wa njiani. Siku kumi na tano."

"Siku kumi na tano," akasema Dabo.

"Basi nimpakie shemeji nyuma yangu," alisema Rehani. "Kituo kinachofuata maji yapo, si haba."

"Farasi wa barua habebi wawili. Kwa joto hili atawaangusha katikati ya njia, mfe wote, na mkoba uguse ardhi." Na katika hilo alisema kweli, maskini. Galma hakusema uongo hata siku moja katika maisha yake, na angalieni faida yake.

Rehani akapanda. Galma akamkabidhi mkoba, kutoka kifua hata bega, haukugusa kitu. Kisha akampiga Shaba kofi la kiuno ili aende mbio, nao wakapotea katika vumbi. Dabo alilitazama vumbi mpaka likatulia, akarudi kizingitini.

Farasi wa kusini alikufa siku ya pili. Kadhi alikufa siku ya nne. Galma alikuwa akimnywesha, farasi akatikisa kichwa kama desturi yake, akapiga magoti juu ya ndoo na kuimwaga. Ilikuwa ndoo pekee ya siku ile. Dabo, aliyekuwa akingoja zamu yake baada ya farasi, alilisogelea tope, akachovya pembe ya ushungi wake, akaufyonza.

Usiku wa kuamkia siku ya tano alianza kuharisha. Kulipopambazuka Galma alitoka akamtandika Harusi. Alilikaza tandiko, akatia lijamu, akaweka blanketi juu ya tandiko ili lisimuumize mgonjwa. Akasimama na hatamu mkononi. Njia ya vilimani ilikuwa pale, kushoto kwa zizi, inaonekana wazi. Alisimama mpaka jua likampata mgongoni. Akahesabu siku zilizobaki, zikawa kumi. Akalivua blanketi, akalifungua tandiko, akalirudisha mahali pake, na kigwe akakikunja vizuri.

Dabo alikuwa akimwona kupitia mlangoni. Jioni tu ndipo alipouliza.

"Baba Talaso, mkoba ule ulikuwa mzito?"

"Kawaida."

"Mimi niliuona mzito," alisema Dabo.

Alifariki siku ya saba, saa za mchana, wakati ambao vivuli vilikuwa vimejificha. Galma alimzika upande wa zizi, akamwekea mawe aliyoyatoa ukutani, kwa kuwa farasi aliyebaki hakuhitaji zizi kubwa. Alikuwa amebaki Harusi. Maji yaliyokuwa ya watatu yakawa ya wawili, na ndoo ikaonekana kubwa. Hilo ndilo jambo ambalo hakuweza kumweleza mtu, kwamba siku ile alikunywa akashiba.

Siku nane akakaa hivyo. Kila asubuhi alikisugua kibati kwa jivu. Hakujua la kufanya na mkono wake isipokuwa hilo.

Mwezi ulipokuwa mpevu, kabla ya adhuhuri, kengele ilisikika kutoka kaskazini. Haikulia kama siku zote. Rehani alikuwa ameinama shingoni kwa farasi akiitikisa kwa mkono, ikalia bila kupumzika, kengele ya arusi kabisa. Galma akamtandika Harusi, akatoka uwanjani.

Rehani alianza kupiga kelele angali mbali, juu ya Shaba yule yule. "Bwana kituo, funga mizigo. Ilikuwamo, kaka. Ilikuwamo ndani. Kule waliufungua mkoba mbele yangu, barua ya kwanza kuanguka mezani ni yako. Nimekaa nayo kifuani njia nzima inaniunguza. Shemeji yuko wapi nimwombe radhi, alisema kweli tukamfanya mjinga. Shemeji."

Akafika. Akaliona zizi ambalo ukuta wake mmoja haupo, kisha akaona mawe yalikokwenda. Akashuka taratibu, na kengele ya Shaba ikalia mara moja, ikanyamaza.

"Lini?" aliuliza.

"Siku nane."

Rehani aliutoa mkoba begani, Galma akaupokea kwa mikono miwili, hata siku ile. Akasimama nao.

"Isome," alisema.

"Kaka, ya nini sasa?"

"Ni barua yangu. Isome."

Rehani akaifungua, akasoma. Kwa mwenye kituo cha Kisima Chekundu. Ombi lako limekubaliwa. Ondoka mara upatapo barua hii, usingoje wa badala yako. Mkeo apande farasi, nawe umwongoze kwa hatamu mpaka vilimani. Msipande wawili, mnyama asichoke.

"Rudia hapo pa mke."

"Mkeo apande farasi, nawe umwongoze kwa hatamu."

"Imeandikwa lini?"

Rehani aliitazama tarehe, akahesabu kwa vidole, akayarudia mahesabu akitumaini yatabadilika. "Siku nne kabla sijafika kwako na mkoba ule."

"Basi niliishika."

"Uliishika, kaka."

"Kwa mikono miwili."

"Nilikuwa natania," alisema Rehani, akaanza kulia. "Wallahi nilikuwa natania tu."

"Najua," akasema Galma. "Na Shaba nilimchagua mimi, ili ifike upesi."

Akamsubiri Rehani afute uso, amvishe Harusi kengele ya Shaba na kupanda, akampa mkoba, kifua hata bega. Rehani akamwachia kiriba chake cha maji, unga kidogo, na mfuko wa njiani ukiwa na barua ile ndani. Alipokwenda hakuitikisa kengele. Lakini kengele ni kengele, ililia yenyewe njia nzima.

Galma alimnywesha Shaba ndoo ya mwisho ya Kisima Chekundu, akampumzisha mpaka alfajiri. Kisha akamtandika upya, akaliweka lile blanketi juu ya tandiko. Kibati cha shaba alikivua, akakiacha juu ya mawe ya Dabo. Dabo ndiye aliyeahidi kukizika, basi na kimlinde. Akashika hatamu, akaenda upande wa kushoto wa zizi, mbele yeye, nyuma farasi, na juu ya farasi hakuna mtu.

Siku tano alitembea hivyo. Wachungaji waliokutana naye wakamwambia, "Mzee, miguu yako inatoka damu, mbona hupandi?" Naye akawajibu, "Barua inasema niongoze." Wakadhani jua limemwingia kichwani. Jua lilikuwa halina kosa. Alikuwa akifanya kama alivyoagizwa na serikali, neno kwa neno, kwa mara ya mwisho.

Alifika vilimani jioni, saa ya kunyweshea ng'ombe. Talaso alikuwa kisimani na wanawake wenzake. Alimwona baba yake kwa mbali, akamwona na farasi, akaliona blanketi la mama yake juu ya tandiko. Akaja mbio akitabasamu, kwani alidhani mama ameshuka kidogo nyuma ya kichaka, kama watu wa safari wafanyavyo. Akatazama nyuma ya farasi. Akaitazama njia.

"Baba, mama yuko wapi?"

Galma alimpa hatamu.

"Baba. Kwani barua haikuja?"

Yule mzee aliinua mikono yake, akaigeuza viganja juu, akaitazama mmoja kisha mwingine, kama mtu aliyekuwa ameshika kitu sasa hivi na hajui amekiweka wapi. Wanawake wa kisimani walikuwa wameacha kuvuta maji. Maji yalikuwa tele, yanamwagika kwenye hori, yanafanya tope bure.

"Ilikuja," alisema. "Barua ya mwenye kituo humpita mkononi."

Alikaa huko vilimani miaka mingi, ambalo si jambo la kumpongezea. Ile njia ya farasi ilifungwa, lori likaja, na mwandamo mmoja mvua ikanyesha Kisima Chekundu mpaka kikafurika, hapana mtu wa kuyateka maji yake. Barua aliitunza ndani ya ule mfuko wa njiani ambao Rehani alimpa. Watu walipomwuliza kwa nini hakuvunja lakiri, hakujitetea wala hakujilaumu. Aliwaonyesha viganja tu, akasema yale maneno, nao wakayachukua wakaenda nayo masokoni, mpaka yakamfikia Mama Sadia ambaye hajapata kumwona farasi.

Sasa nendeni. Yule mwenye mbavu za kucheka na achukue dumu moja, alijaze bombani, amfikishie Mama Sadia mlangoni, asimwambie limetoka kwa nani. Na akimkuta bado ameketi juu ya mkokoteni na mikono yake mapajani, viganja juu, asimwulize anatazama nini. Barua ya mwenye kituo humpita mkononi.